Kigong'ota na Ukuta Usiogongeka

Kama umewahi kulala kwenye chumba ambacho ukuta wake haukudondoshei vumbi la saruji usoni, huenda ukuta huo ulipigwa plasta na mpwa wangu, binti wa dada yangu. Na kama ni kazi ya mpwa wangu, basi ina mkono wangu pia, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kushika mwiko. Nalisema hili mapema ili tusije tukabishana mbele ya safari.

Jina lake la saiti ni Kigong'ota, yule ndege anayegonga magogo kutwa nzima kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Mpwa wangu naye ndivyo alivyo. Plasta ikishakauka, hupita ukutani akigonga kwa mpini wa mwiko, ngo, ngo, ngo, sikio kaliweka karibu, uso kaukunja kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani. Plasta iliyoshika hujibu kwa sauti nzito. Iliyoachana na tofali husema po, po, kama boga lililokauka. Fundi mwingine akisikia po hupaka rangi upesi na kwenda zake. Kigong'ota huchukua nyundo. Hubomoa pale pale, hata kama kazi ni ya mikono yake mwenyewe, hata kama mwenye nyumba amesimama hapo na wageni wake.

Siku moja alibomoa sebule nzima. Mwenye nyumba akashika kichwa.

"Fundi, mbona imependeza?"

"Imependeza, lakini haikushika. Kitu kisichoshika hakingojewi."

Watu wa saiti walimpenda kwa kauli hiyo. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiitangaza kila nilipokwenda, nikisema kairithi kwangu. Lakini ngoja uone ilivyotaka kutumaliza.

Aliolewa na fundi wa majokofu, kijana mpole mno. Tunamwita Baridi, na sijui kama ni kwa sababu ya kazi au ya tabia. Walipendana, wakajenga vyumba vyao viwili, ukuta umenyooka kama kioo, na mtoto hakuja. Mwaka ukaisha, mwingine ukaisha. Ukoo wetu una midomo, na wa Baridi una midomo mirefu zaidi. Mwishowe wakaenda hospitali, wakaambiwa mirija ya uzazi ya mpwa wangu imeziba, halafu mayai yake yanakwisha mapema kuliko umri wake. Njia iliyobaki ni kuyatoa hayo machache yaliyopo, kuyakutanisha na mbegu za mumewe maabara, kisha kurudisha kinachopatikana mahali pake.

Mimi niliishia darasa la sita. Lakini lile la sita la zamani, ambalo ukilipima vizuri ni sawa na chuo cha siku hizi. Kwa hiyo nilikwenda nao kwa daktari, nikataka nielezwe kwa kirefu. Daktari alikuwa mama mfupi, miwani imening'inia kifuani, na nilimpenda siku hiyo hiyo kwa sababu alikuwa anajibu.

"Mzee, yai likikutana na mbegu linakuwa seli moja. Inagawanyika, zinakuwa mbili. Halafu nne. Halafu nane."

"Kama ukoo wetu."

"Ila hizi hazigombani," akasema. "Zinashikamana, zinakuwa kitonge. Kisha kitonge kinaingia maji katikati, kinakuwa kama kifuko. Ndani yake, upande mmoja, kuna kikundi kidogo cha seli. Hicho ndicho mtoto. Zile zilizozunguka nje zitatengeneza kondo la nyuma. Kikifika hapo ndipo tunakirudisha. Kinapasua ganda lake, kinatoka kama kifaranga, kinatafuta ukuta."

Kigong'ota, aliyekuwa ameinamisha kichwa muda wote, akakiinua.

"Ukuta gani?"

"Wa mfuko wa uzazi. Kinaugusa, kinanata, kisha kinajichimbia mpaka ukuta ukifunike, na huko kinatafuta damu ya mama. Hapo ndipo tunasema mimba imeshika."

"Na ukuta unaandaliwaje?"

Ona fundi huyo! Nilitaka kumpigia makofi. Daktari akamweleza kuna dawa ya kuunenepesha ukuta, na nyingine ya kuulainisha na kuushikilia usibomoke, hii ya pili ni ya kuweka ukeni asubuhi na jioni.

"Hiyo ya pili nisikilize vizuri," akasema. "Kwa njia hii tunayotumia, mwili wako hautoi homoni hiyo wenyewe. Dawa ndiyo nguzo, na nguzo ni hiyo moja tu. Usiiache hata uone nini, mpaka niseme mimi."

Kigong'ota akaitikia kwa kichwa. Nakijua kichwa hicho. Ndicho anachowatikisia wenye nyumba wanapomshauri kuhusu mchanga.

Viinitete vitatu, vile vifuko vya seli, vilipatikana, vikagandishwa. Mkwe wangu Baridi, asiyeongea, siku hiyo aliongea kuliko mwaka mzima. Alitaka kujua vinagandishwa kwa kitu gani, kwa ubaridi gani, na umeme ukikatika je. Akaambiwa ni nitrojeni iliyo katika hali ya maji, haihitaji umeme. Akarudi nyumbani ameinamisha kichwa kwa heshima.

Cha kwanza kilirudishwa, hakikushika. Cha pili kilirudishwa, nacho hivyo hivyo. Mara zote mbili ilianza damu kidogo, wakaambiwa wasikate tamaa, wasubiri kipimo. Wakasubiri. Kipimo kikasema hakuna kitu. Mara ya pili Kigong'ota alikaa nyumbani wiki nzima bila kufungua dirisha, na mimi, kwa ufundi wangu wote wa kuchekesha watu, nilikaa nje ya mlango wake nikaishiwa maneno.

Kikabaki cha mwisho. Daktari aliwaambia wazi kwamba mayai mengine hayatarajiwi.

Siku ya kukirudisha niliwapeleka mimi kwa gari langu, nikabaki kwenye benchi la nje. Baridi ndiye aliyeingia naye, akanisimulia baadaye kwamba walipitisha mrija mwembamba, picha ikionyesha njia kwenye skrini, kisha mtaalamu wa maabara akaurudisha mrija chini ya hadubini kuhakikisha kiinitete hakikung'ang'ania humo. Wote chumbani wakamngoja aseme. Akasema, "Mrija ni mtupu." Baridi alisema hajawahi kusikia neno "mtupu" likapendeza hivyo.

Mimi nilikuwa na wasiwasi wangu. Daktari alipotoka nikamvuta pembeni.

"Mama daktari, akikohoa je? Akipiga chafya?"

"Apige tu. Kuta za mfuko wa uzazi zimelaliana kama viganja vilivyofumbatana, Mzee. Kitu kidogo kuliko punje ya chumvi hakina pa kudondokea humo."

Nikaelewa. Hata hivyo, kurudi nyumbani niliendesha taratibu kiasi kwamba waenda kwa miguu walitupita huku wakitusalimia.

Basi ukaanza ule muda wa kusubiri, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikukitarajia. Mpwa wangu alizoea kuta anazoweza kuzigonga. Huu hawezi kuugonga. Hawezi kuuona, kuusikia, wala kuuchunguza kwa kucha. Baridi aliniambia kwamba nyumbani mkewe alikuwa akigonga kila kitu kingine: meza, mlango, ubao wa kitanda, hata sufuria. Daktari alimruhusu kutembea na kufanya kazi nyepesi, lakini kazi yake haina unyepesi, kwa hiyo msimamizi wa saiti alimwambia apumzike mpaka kipimo. Kupumzika kulimtesa kuliko kubeba mchanga.

Siku moja asubuhi, kipimo bado, Baridi akanipigia simu.

"Mjomba, ametoka."

"Ametoka kwenda wapi?"

"Saiti. Na dawa nimezikuta kwenye pipa la taka."

"Dawa zipi?"

"Zile za kushikilia. Aliona damu jana asubuhi, hakuniambia. Kidogo, ya rangi ya kahawia. Tangu hapo hajaweka hata moja. Ananiambia leo, huku anafunga viatu, kwamba imekwisha."

"Daktari umempigia?"

"Nimempigia. Anasema damu ya namna hiyo inaweza kuwa kitu chenyewe kinajichimbia, inaweza kuwa ile dawa imekwaruza njia, na inaweza kuwa mwisho kweli. Kwa macho haijulikani. Kipimo cha damu ndicho kitakachosema. Lakini kama kimeshika, Mjomba, kila anapokaa bila dawa ukuta unaachia. Anasema nimpeleke sasa hivi. Na yeye simu yangu hapokei."

Sikuuliza la pili. Nilimkuta Baridi njiani na boksi la dawa mkononi. Alikuwa amelifuta kwa shati lake.

Saiti tulimkuta juu ya jukwaa la ujenzi, ngazi ya pili, kwenye ukuta wa upande wa nyuma. Alikuwa anabomoa. Vipande vya plasta vilikuwa vinaanguka na kupasuka chini, na mafundi wengine walikuwa wamejitenga mbali wakijifanya wana kazi. Msimamizi akaninong'oneza, "Ukuta huo hauna kosa, Mzee. Hiyo po ameisikia yeye tu."

Nikamwita. "Kigong'ota! Shuka."

"Nina kazi, Mjomba."

"Hukupangwa leo."

"Nimejipanga."

"Daktari anasema damu kidogo si mwisho."

Nyundo ikasimama. Hakugeuka.

"Alisema hivyo mara ya kwanza. Mara ya pili akasema tusubiri kipimo, nikasubiri. Wewe unajua kusubiri kulivyo? Unalala umekumbatia tumbo, unalisemesha, kumbe unasemesha hewa. Haikushika. Sitaingoja."

"Hii si plasta, mwanangu," nikasema, na hapo nilikusanya ufundi wangu wote. "Hii ni zege. Ukishamwaga zege la dari, si maji hudondoka chini ya mbao? Umewahi kuona fundi mwenye akili anang'oa nguzo kwa sababu ameona maji yanadondoka? Nguzo zinaachwa mpaka..."

"Mimi si nyumba, Mjomba."

Akaendelea kugonga.

Nikafunga mdomo. Watu wanaonijua hawataamini, lakini mashahidi wapo. Baridi alikuwa amesimama kando yangu na boksi lake, ananitazama kana kwamba mimi ndiye mwenye ufunguo. Na muda ulikuwa unakwenda. Nilikuwa nauona ule ukuta wa ndani, mwembamba, ukiachia punje kwa punje, na hicho kidogo kuliko punje ya chumvi kikijaribu kung'ang'ania.

Ndipo likanijia wazo. Nitapanda, nikifika juu nitajifanya nimezidiwa, nishike moyo, nigune. Atalazimika kunishusha na kunipeleka hospitali. Tukishafika hospitali, yaliyobaki yatajiendea. Mimi kwa maigizo sijawahi kushindwa.

Nikapanda. Ngazi ya kwanza nilipita kama kijana. Ya pili magoti yakaanza kunikumbusha umri. Nilipoweka mguu kwenye mbao za juu nikafanya kosa la kutazama chini, na dunia ikazunguka. Jasho likanitoka lote kwa pamoja. Masikio yakaziba. Nilikuwa nimepanga kuigiza, kumbe haikuhitajika.

Nilihisi mkono umenishika mkanda wa suruali, ukanibandika ukutani kama karatasi.

"Usitazame chini. Nitazame mimi. Mimi hapa!"

"Nakutazama."

"Ulipanda kufanya nini, mtu mzima na magoti yako hayo?"

"Nilikuja kujifanya naumwa, ili unipeleke hospitali."

"Na sasa?"

"Sasa naumwa kweli."

Akacheka. Kicheko kikaanza vizuri, kikakatika katikati, kikawa kitu kingine. Alikuwa bado amenishika mkanda.

"Mjomba, naogopa."

"Unaogopa nini? Mwenye kizunguzungu ni mimi."

"Nikiweka ile dawa leo, nitaanza tena kuamini. Sina nguvu ya kuamini mara ya tatu. Afadhali niimalize mwenyewe kuliko nikae nikiambiwa."

Ningekuwa na akili zangu ningemjibu kwa maneno marefu. Lakini nilikuwa nimeshikwa mkanda kama mzigo, pumzi haitoshi, na kilichotoka ni kifupi.

"Basi usiamini. Weka dawa tu. Kuamini tutaamini sisi, mimi na mumeo. Tuna nafasi."

Akaiweka nyundo mbaoni, vumbi la saruji limemganda kwenye kope.

Chini Baridi akapaza sauti, sauti ambayo sikujua anayo. "Mnashuka au nipande?"

"Usipande!" tukasema wote wawili kwa pamoja. Baridi huogopa hata ngazi ya kubadilishia taa.

Tulishuka hatua kwa hatua, yeye mbele, akiweka miguu yangu kwa mikono yake kila mahali panapofaa. Alipofika chini alinyoosha kiganja kwa mumewe bila kumtazama. Baridi akamwekea boksi.

Kwenye gari aliendesha Baridi. Hospitali, muuguzi alinikalisha akanipima presha, akaniambia nikae hapo hapo nisijidai. Kigong'ota aliweka dawa kwenye chumba cha pembeni, kisha akatolewa damu. Halafu tukakaa kwenye benchi la ukutani, feni ikizunguka juu bila kupuliza chochote. Mlango wa maabara ulikuwa unafunguka na kufungwa. Kila ulipofunguka sote watatu tuliinua vichwa, na kila mara aliyeitwa alikuwa mtu mwingine. Nilijaribu kisa kimoja cha kuchekesha. Baridi aliniwekea mkono gotini, taratibu tu, nikakiacha.

Daktari alitoka mwenyewe. Miwani alikuwa ameivaa.

"Homoni ya mimba ipo," akasema.

Baridi akamshika mkewe bega.

"Lakini ni ndogo. Ndogo kuliko ninavyopenda. Maana yake kilishika. Kama bado kinaendelea kushika au kinaachia, leo siwezi kusema. Kesho kutwa tupime tena. Kikiwa kinakua, kiwango kiwe kimepanda vizuri, kama mara mbili hivi."

"Zile nilizoruka," Kigong'ota akasema, "zimeniharibia?"

Daktari hakukimbilia kumfariji, na kwa hilo nilizidi kumheshimu. "Hazikukusaidia. Zimeharibu kiasi gani, sijui. Ulikuwa na maumivu, ukafanya ulichofanya. Kuanzia sasa usiruke hata moja."

Hizo siku mbili sitaki kuzirudia. Kesho yake mchana simu yangu ikaita, ni yeye mwenyewe.

"Mjomba, imetoka tena."

"Nyingi?"

"Kidogo. Kahawia."

"Umeweka dawa?"

"Nimeweka."

"Unaamini?"

"Hapana."

"Vizuri. Sisi tunaamini, usituingilie."

Akakata simu. Mimi nikabaki nimekaa kwenye ukingo wa kitanda, nikitazama viatu vyangu. Ukweli ni kwamba wakati huo nilikuwa siamini hata kidogo. Lakini nilishatoa ahadi, na mtu kama mimi harudishi neno, kwa hiyo nikaamini kwa nguvu, kama mtu anayesukuma gari lililozima mlimani.

Siku ya kipimo cha pili tulirudi kwenye benchi lile lile. Daktari alituita ndani safari hii. Akasoma karatasi, akaisoma tena. Baridi alikuwa amesimama. Kigong'ota alikuwa ameweka mikono juu ya mapaja, vidole vimekakamaa.

"Imepanda," daktari akasema. "Zaidi ya mara mbili."

Baridi alikaa. Shida ni kwamba nyuma yake hapakuwa na kiti. Tulimwinua, na mimi nikatangaza kwamba nilijua tangu mwanzo. Hakuna aliyenijali.

"Kwa hiyo imeshika?" Kigong'ota akauliza.

"Leo imeshika."

"Na kesho?"

"Kesho weka dawa."

Alifikiri. Nilijua anachotafuta: mahali pa kugonga, asikie kama ni ngo au po. Daktari alikuwa anamngoja.

"Sawa," akasema mwishowe. Kisha akanigeukia. "Mjomba, na mimi nitaamini. Mpaka jioni."

"Na baada ya jioni?"

"Baada ya jioni utashika wewe. Nitakuwa nimechoka."

Hivyo ndivyo tulivyoendelea, kwa zamu. Mkwe wangu aliamini asubuhi kabla ya kwenda kwenye majokofu yake, mpwa wangu mchana, mimi jioni, na siku mpwa wangu aliposhindwa nilimchukulia zamu yake pia bila kulalamika. Daktari alipogeuza skrini kwa mara ya kwanza na kutuonyesha kitu kidogo kinachopepesa katikati ya weusi, akasema huo ni moyo, ilikuwa jioni. Zamu ilikuwa yangu. Sitaki ubishi.